Jinsi ya kurekodi kumbukumbu za mzee wa Kipalestina kuhusu kijiji chake, muda ungalipo

Nianze na hesabu manake ndo inayonisukuma kuandika. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1948 leo anakaribia 90. Mwaka ule, kwenye vita vilivyozaa taifa la Israeli, Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila watu na vingi vikabomolewa kabisa, na waliovijua vikiwa hai, moshi wa tanuri alfajiri na mbuzi wanapita mlangoni, ndo hao wazee wachache waliobaki, wengi wako kwenye kambi za Lebanon, Jordan, Syria, Ukingo wa Magharibi, na Gaza ambako tangu Oktoba 2023 wazee wamekufa pamoja na karatasi zao na albamu zao chini ya vifusi. Ukisema nitamrekodi mwakani, mwakani hayupo.

Mimi nimeolewa kwenye familia ya watu wa Kuwaykat, kijiji kilichokuwa karibu na mji wa Akka, na wakwe zangu wanaishi kambi ya Burj al-Barajneh kusini mwa Beirut. Waswahili tunaoishi au kufanya kazi na Wapalestina tumekuwa wengi, Beirut, Amman, Ulaya, vyuoni, wengine tumeoleana nao kabisa, na ninaulizwa sana unamrekodije mzee bila kumtonesha kidonda na bila kuishia kupata hotuba tu. Naeleza ninavyofanya, chukua kinachokufaa.

Usianze na 1948

Watu wengi wakishapata nafasi ya kukaa na mzee swali la kwanza ni nini kilitokea 1948. Sasa mzee wa kambini ameulizwa hilo na waandishi wa habari, wanafunzi, watu wa misaada, miaka nenda miaka rudi, jibu analo tayari na linatoka limenyooka, kila neno la kweli, ila kijiji chenyewe hakimo. Hujui nyumba yao ilitazama wapi, hujui jirani alikuwa nani, hujui walikula nini asubuhi ile.

Anza na maji. Muulize mlichota wapi, nani alikuwa anaenda kuchota, saa ngapi, mtungi ulibebwa kichwani au begani, na njiani mlipita nyumba za akina nani. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote, manake akianza kutembea kichwani kutoka mlangoni kwao mpaka kisimani atakutajia kila nyumba bila wewe kumuuliza.

Mama mkwe wangu nilipomuuliza habari za vita alinijibu sentensi mbili akaanza kunihimiza nile. Siku nyingine tumekaa tunachambua dengu nikamuuliza tu, hajja, kisima kilikuwa mbali na kwenu? Akasukuma dengu zote upande mmoja wa sinia, akaweka kikombe cha kahawa katikati, huu msikiti. Kopo la sukari likawa nyumba ya baba yake, kiberiti kikawa nyumba ya ami yake, akapitisha kidole kwenye vumbi la dengu kuchora njia ya kisimani, halafu njiani akasimama akakunja kidole pembeni. Nikamuuliza mbona umezunguka? Akasema hapa jirani alikuwa na mbwa mkali, mimi nilikuwa nazungukia huku nyuma penye miti ya sabr, ile ya miiba. Alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati ule na mpaka leo kidole chake kinamkwepa yule mbwa. Hiyo njia ya nyuma tutairudia huko mbele kwenye ramani.

Kwaiyo sinia, mchanga, karatasi na kalamu, chochote kile, mpe mzee kitu cha kupangia. Mikono inakumbuka vitu ambavyo mdomo umeshazoea kuviruka. Na ukimaliza piga picha hiyo sinia kabla mtu hajaja kuichukua.

Kabla hujabonyeza rekodi

Mwambie ukweli wa unachofanya na unachofanyia. Watu wa kambini wamehojiwa na kila aina ya mtu, mashirika ya misaada, usalama wa taifa, watafiti wanaopotea bila kurudi, ndo maana ukitoa fomu na kalamu unaweza kukuta mzee ameanza kuogopa, au kibaya zaidi ameanza kutumaini, anadhani kuna msaada unakuja, matibabu ya mtoto au viza. Usiahidi kitu. Sema hii ni kwa ajili ya wajukuu zako, nakala utapata wewe, na hamna pesa wala safari ndani yake. Fomu ya ridhaa ipo na ni ya lazima kama rekodi itatoka nje ya familia, lakini isije kabla ya kahawa. Na kahawa usikatae, wala chai yenye maramiya, majani ya kunukia, hata kama umetoka kunywa nyumba ya jirani.

Rekodi ridhaa kwa sauti pia. Mwache aseme mwenyewe jina analotaka litumike (wengine wanapenda kuitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, Abu fulani au Umm fulani, na inatosha), kama sura ionekane au sauti tu, na kama kuna watu hataki watajwe. Hili usilichukulie juujuu. Kuna familia ambazo mmoja ana pasipoti ya nje na anapanga kupita kwenye mipaka ya Israeli, mwingine ana kesi ya ukaazi Ulaya, mwingine yuko Syria, na kitu ulichokirusha mtandaoni kwa nia njema kinaweza kumfuata mtu uwanja wa ndege.

Mtafute mjukuu akae pembeni, ikiwezekana ashike yeye simu. Mjukuu akiuliza anajibiwa tofauti kabisa na mgeni, na wewe kama ni mkwe au rafiki wa familia kuna maswali ambayo adabu haikuruhusu kuuliza ila mtoto wa miaka kumi na mbili atayauliza na kila mtu atacheka na mzee atajibu.

Lugha: mwache aongee Kiarabu cha kijijini kwao. Kiarabu cha madrasa tulichosoma sisi hakitakufikisha mbali kwenye lafudhi ya wakulima wa Galilaya, na ukimkatizakatiza kila dakika ili akutafsirie atahamia kwenye Kiarabu cha televisheni na utapoteza nusu ya utamu na nusu ya ushahidi. Rekodi kwanza, tafsiri baadaye na mtu wa familia.

Vifaa sitakaa sana. Simu ya kawaida inatosha, weka mtindo wa ndegeni ili isiite, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu na mzee sio karibu na wewe, zima friji kama wenyewe wameruhusu, funga dirisha la upande wa jenereta. Kambini pikipiki zinapita dirishani kabisa, uchochoro wenyewe mabega mawili yanaujaza, kwaiyo asubuhi mapema ni bora. Beba pawabenki, umeme Lebanon sio wa kuutegemea. Rekodi dakika moja ya majaribio usikilize kwa hedifoni, alafu ndo uanze. Saa moja inatosha kwa siku, mzee akianza kurudia rudia au kusugua magoti, acha.

Maswali yanayofungua

Baada ya maji nenda kwenye mkate. Nani alikuwa na tanuri, wanawake walipeana zamu vipi, kuni zilitoka wapi. Alafu uwanja wa kupuria ngano, wanauita bayader, karibu kila kijiji kilikuwa nao pembeni na ndo palikuwa pa kuchezea watoto na pa kufanyia harusi. Alafu mizeituni: ilikuwa upande gani wa kijiji, ipi ya kwenu, mafuta mlikamulia wapi. Makaburi yako wapi. Shule kama ipo. Chumba cha wageni, madafa, kilikuwa cha ukoo upi. Koo zenyewe, hamula, ngapi na kila moja mtaa wake. Basi la kwenda mjini lilisimama wapi na nauli ilikuwa mil ngapi, enzi zile pauni ya Palestina ilikuwa na mil 1,000 na wazee wengi bado wanakumbuka bei ya pipi kuliko bei ya leo ya mkate.

Kwa maoni yangu wanawake ndo warekodiwe kwanza na mara nyingi ndo wanaoachwa. Watafiti wanakwenda kwa mzee mwanaume kwa sababu yeye ndo anajua mapigano, silaha, jina la mukhtar, yaani mkuu wa kijiji, na hayo ni muhimu ndiyo, lakini ramani ya ndani ya kijiji, nani anaishi wapi, nani aliolewa wapi, nani alijifungulia porini siku ya kukimbia, iko kwa akina mama. Mwanamke atakuambia sina cha kusema, mimi nilikuwa mtoto tu. Muulize unga ulihifadhiwa wapi. Utaona.

Akikosea tarehe usimsahihishe. Ndugu wawili wakibishana mbele ya simu usiamue, acha yabaki yote mawili, na andika tu pembeni nani kasema nini. Akilia, nyamaza, usizime haraka haraka kama vile amefanya aibu, muulize kwa upole kama aendelee au tupumzike, na akisema tupumzike hiyo ni amri.

Kupata tarehe bila kuuliza tarehe

Hii ni sehemu ninayoipenda zaidi. Mtoto wa 1948 hakuwa na kalenda lakini alikuwa na msimu. Kwaiyo muulize siku mnaondoka shambani kulikuwa na nini? Akisema ngano ilikuwa bado imesimama, hiyo ni kama Aprili au mwanzoni mwa Mei, kipindi Haifa ilipoanguka (Aprili 21 na 22) na Jaffa baadaye katikati ya Mei. Akisema ngano iko kwenye bayader haijapurwa yote, unaongelea Juni au Julai. Akisema tulikuwa tunachuma zeituni, hiyo ni Oktoba kuelekea Novemba, na inakaa vizuri na vijiji vya Galilaya ya juu kama Safsaf na Sa'sa' vilivyotekwa siku za mwisho za Oktoba 1948.

Na muulize mlikuwa mmefunga? Ramadhani ya mwaka ule ilianza kama tarehe 8 Julai, kwaiyo mzee anayekumbuka kiu njiani, watu wazima wamefunga na jua la Julai, au chakula cha futari kilichoachwa sufuriani, amekupa tarehe karibu kamili. Mapigano ya Kuwaykat yalikuwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Julai, siku za kwanza kabisa za mwezi mtukufu. Watu wa miji ya Lydda na Ramle, makumi ya maelfu, walifukuzwa kuelekea Ramallah, wengi kwa miguu, katikati ya mwezi huo huo wa Julai, na anayekumbuka safari ile anakumbuka maji kwanza, nani alikuwa na maji, nani aliuza, nani alianguka.

Kwa miaka ya baadaye kuna alama nyingine. Theluji kubwa ya mwanzoni mwa 1950 ilivunja mahema, karibu kila mzee aliyekuwa kwenye hema anaikumbuka. Muulize mtoto fulani alizaliwa kabla ya theluji au baada. Kila kitu kinaanza kujipanga.

Njia waliyopita

Usiridhike na "tulienda Lebanon". Wengi hawakwenda Lebanon moja kwa moja. Walilala chini ya mizeituni ya kijiji jirani wakiamini ni siku chache, wakasogea kijiji kingine, wakavuka mpaka, wakakaa miji ya kusini kama Bint Jbeil, kuna waliopakiwa kwenye treni wakapelekwa mpaka kaskazini ya Syria, kambi ya Neirab karibu na Aleppo ilianzia kwenye mabweni ya zamani ya wanajeshi. Kila kituo uliza mlilala wapi, mlikula nini, nani aliwapokea, nani aliachwa nyuma. Alafu uliza: kuna mtu alirudi usiku? Hili watu wanalisahau. Wapo waliorudi kwa kujificha kuchukua unga, blanketi, kuvuna shamba lao wenyewe, kumchukua bibi aliyebakia, na wengine walipigwa risasi wakirudi. Familia nyingi zina hadithi hiyo na haijawahi kuandikwa popote.

Uliza pia kilichobebwa na kilichoachwa, na usiishie kwenye ufunguo. Ufunguo kila mtu anauongelea na unastahili, lakini kuna aliyebeba mashine ya kushonea, kuna aliyebeba mto badala ya mtoto kwa kiwewe akarudi mbio kumchukua, hadithi hiyo utaisikia kwenye kambi zaidi ya moja.

Na uhamisho haukuisha hapo. Kwa wengi 1948 ni wa kwanza tu. Lebanon kabla ya 1969 watu wa kambini walikatazwa kujenga paa la zege, waliishi chini ya mabati miaka ishirini, mvua ikinyesha hamsikilizani. Alafu vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1975, uvamizi wa Israeli 1982 na mauaji ya Sabra na Shatila Septemba mwaka huo, kuzingirwa kwa kambi kati ya 1985 na 1988, kambi ya Nahr al-Bared kubomolewa 2007. Kwa waliokuwa Syria kuna kambi ya Yarmouk, iliyozingirwa na njaa ikaua watu. Kuna mtu mmoja utamkuta amehama mara nne, tano, na kila mara anaita mahali pa mwanzo "nyumbani". Wape wajukuu nafasi ya kusikia na haya, sio kijiji peke yake, manake kambi nayo ni maisha waliyoyajenga wao. Burj al-Barajneh na Ein el-Hilweh mitaa ya ndani ilikaliwa kwa vijiji, watu wa kijiji kimoja wakakaa pamoja, wakaoana, wakazikana, na mtoto aliyezaliwa 2010 ukimuuliza wewe wa wapi anakujibu Kuwaykat au Saffuriya bila kufikiria. Na huyo huyo mtoto akikua hawezi kununua hata chumba kimoja kwa jina lake, sheria ya Lebanon ya 2001 inamkataza, na kazi nyingi za taaluma zimefungwa kwake. Wale wa Jordan wengi walipewa uraia, ila waliotoka Gaza 1967 na wakaingia kambi kama Jerash wengi wao hawakupewa. Kwaiyo ukirekodi andika pia mtu ana hati gani, inaeleza maisha yake yote.

Karatasi, kadi na nguo

Mwombe mtoto wake mkubwa atoe ule mfuko. Kila nyumba ina mfuko, saa ingine sanduku la biskuti, na ndani kuna kushan, yaani hati ya ardhi, stakabadhi za kodi ya enzi ya Waingereza waliotawala Palestina kabla ya 1948, kitambulisho au pasipoti iliyoandikwa Palestine, picha ya harusi. Pia kuna kadi ya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa lililoanzishwa Desemba 1949 na kuanza kazi Mei 1950, ambalo leo limesajili karibu wakimbizi milioni 6. Kadi za zamani zina namba ya familia na mahali walipotoka, kwaiyo ni ushahidi wa kijiji, usiipuuze kwa sababu ni kadi ya mgao wa unga.

Piga picha pande zote mbili, karibu na dirisha bila flashi, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane, juu na chini yasikatike. Usibandike gundi ya plastiki kwenye karatasi iliyochanika wala usiilamineti, inaiharibu kwa miaka ya mbele. Iweke kwenye bahasha ya karatasi na uirudishe pale pale ilipotoka mbele ya macho ya mwenyewe. Usiondoke na karatasi ya mtu hata kwa usiku mmoja, hata kama amekuambia chukua.

Ardhi utaikuta imeandikwa kwa dunam, dunam moja ya enzi ya Waingereza ni mita za mraba 1,000. Israeli ilipitisha sheria ya mali za wasiokuwepo mwaka 1950 na ardhi hizo zikachukuliwa, lakini haki haijafutika kwa familia hizi, azimio 194 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 11, 1948 linasema wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani waruhusiwe mapema inavyowezekana na wasiotaka walipwe fidia, na karatasi ya babu ndo inayosema sisi ni nani kwenye sentensi hiyo.

Nguo nayo ni karatasi. Thobe, gauni refu la zamani la mwanamke, ilionyesha katokea eneo gani, kifua chake kilivyotariziwa, rangi ya uzi, kitambaa. Utarizi huo, tatreez, UNESCO iliuweka kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021. Piga picha kifua, mgongo, mikono, pindo, na geuza ndani upige mshono, wanaojua wanasoma zaidi upande wa ndani. Muulize nani alishona, alijifunza kwa nani, na kama kuna pambo lenye jina.

Kukiweka kijiji kwenye ramani

Hapa ndo sinia ya dengu inarudi kazini. Kuna tovuti inaitwa Palestine Open Maps, ilianzishwa 2018, ina ramani za kina zilizochorwa na Waingereza na unaweza kuzilinganisha na picha za leo za satelaiti. Tafuta kijiji kwa tahajia mbalimbali, Waingereza waliandika walivyosikia, Kuwaykat unaweza kuikuta Kuweikat, na majina mengi yana El mbele. Kuna pia takwimu za vijiji za 1945, zinaonyesha idadi ya watu na ardhi ya kila kijiji, Kuwaykat imeandikwa watu 1,050. Idadi hiyo inakusaidia kupima unachoambiwa. Na ukitajiwa koo tano na mzee amekutajia watu wa koo mbili tu, unajua bado kuna mitaa mitatu hujaisikia.

Sasa chukua picha ya sinia uiweke pembeni ya ramani. Anza na kitu kisichohama, msikiti, makaburi, kisima, njia kuu. Geuza picha mpaka vikae. Kwa mama mkwe wangu njia kuu ilikaa mara moja, na ile ya nyuma ya kumkwepa mbwa tuliikuta imechorwa kwa nukta, njia ya miguu, inazunguka pale pale alipozungusha kidole. Mume wangu alitoka nje kidogo alivyoona.

Kwenye satelaiti tafuta miti ya sabr, yale mapera ya miiba, ilipandwa kama uzio na haifi kirahisi, mahali ilipojipanga mstari bila nyumba ujue palikuwa na nyumba. Tafuta matuta ya mawe mlimani, mizeituni ya zamani isiyokaa kwa mistari, na misonobari iliyopandwa kuficha magofu. Lubya, karibu na Tiberias, iko chini ya msitu uliopandwa kwa michango na ukaitwa kwa jina la Afrika Kusini, sisi Waafrika hilo tulijue. Tafuta na jina la leo: Saffuriya ni Tzippori, kwenye ardhi ya Kuwaykat kuna kibbutz, kijiji cha ushirika cha Waisraeli, cha Beit HaEmek. Lifta mlangoni mwa Yerusalemu bado ina nyumba zake za mawe zimesimama tupu. Kijiji cha Iqrit kanisa limebaki peke yake juu ya kilima, jeshi lililipua nyumba sikukuu ya Krismasi 1951 wakati mahakama kuu ya Israeli ilishasema miezi michache kabla kwamba wenyewe warudi.

Kabla ya kumwonyesha mzee picha ya leo muulize kwanza anataka kuona au hapana. Wengine wanataka kukuza picha mpaka waone jiwe, wengine wanasema niache nilivyoijua. Watoto wake wawepo. Usimwonyeshe peke yake jioni alafu ukaondoka.

Kama kuna wa kwenda kuona

Mwenye hati ya ukimbizi ya Lebanon au Syria hawezi kwenda, aliyepata pasipoti ya Kanada au Ujerumani saa ingine anapita, saa ingine anahojiwa masaa na kurudishwa. Anayekwenda asibebe rekodi za wazee kwenye simu. Abebe ramani moja tu ya karatasi, na orodha ya vitu vichache alivyoagizwa na mzee mwenyewe. Waulize wanachotaka, usiwachagulie: wengi wanataka udongo, wengine majani ya zaatari, mmoja atataka picha ya makaburi tu, asomewe fatiha pale. Apige simu ya video akiwa pale kama mzee anaweza kuvumilia, na amwache mzee aongoze, pinda kushoto, shuka, hapo hapo.

Kuhifadhi

Faili lipe jina linaloeleweka, kijiji, mwaka, mwezi, siku, na herufi za kwanza za mzee, sio "sauti mpya 14". Nakala tatu, moja nyumbani kwa mzee kwenye flashi, moja kwa ndugu wa nchi nyingine, moja mtandaoni yenye nywila. Nchi nyingine ni lazima, Gaza imetufundisha kwamba nyumba, maktaba na chuo vinaweza kwenda siku moja. Andika muhtasari wa dakika kwa dakika, hata mbaya mbaya, dakika 14 kisima, dakika 22 harusi ya shangazi, bila hivyo hakuna atakayesikiliza saa sita za sauti.

Familia ikikubali itoke nje, Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut kina hifadhi ya simulizi za Wapalestina yenye zaidi ya saa 1,000, Jumba la Makumbusho la Palestina lililoko Birzeit lina hifadhi ya kidijitali ya picha na karatasi za familia, na Zochrot, shirika la Waisraeli lililoanzishwa 2002, linakusanya ushahidi wa Nakba (janga, ndo Wapalestina wanavyouita uhamisho wa 1948) na kuupeleka kwa Waisraeli wenyewe. Soma masharti, uliza nani ataruhusiwa kusikia na kama familia inaweza kuomba itolewe baadaye.

Alafu rudi kwa mzee ndani ya wiki hiyo hiyo umsikilizishe kile cha kwanza. Akijisikia mwenyewe atakukatiza, hapana, sio hivyo, nimesahau nyumba ya yule fundi viatu, ilikuwa baada ya kisima. Kwaiyo simu ya pili iwe tayari inarekodi wakati ya kwanza inacheza, na sinia iwe mezani.